Mahabusu wa Kaisaria

Sherehe ya Kristo Mfalme, Mwaka A





Injili ya leo tunaifahamu karibu kwa moyo. Mfalme ameketi katika utukufu wake, mataifa yote yamekusanyika, naye anawatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Anataja njaa, anataja kiu, anataja ugeni, uchi na ugonjwa. Mwishoni kabisa anataja kifungo. Yeye mwenyewe, asema, alikuwa kifungoni, na wako waliomwendea, na wako wasiomwendea.

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya makatekista, mzee mmoja alinyosha mkono akaniuliza: «Baba, hawa wa kifungoni wameingiaje katika orodha hii? Mwenye njaa hana kosa. Mgonjwa hana kosa. Lakini mfungwa, hilo ni kosa lake mwenyewe.» Nilimjibu upesi kwamba huruma ya Mungu haichagui, wakapiga makofi, tukaendelea na ratiba. Jibu lile lilikuwa la kweli, ila halikutosha. Kwa kulitoa vile nilikubaliana naye, bila kutambua, kwamba kila aliye ndani ya gereza amekosa.

Ndugu zangu, anayepata nafasi ya kuingia gerezani kutoa huduma ya kiroho atakuta humo watu wa namna mbili. Wako wafungwa: hao mahakama imewasikiliza, imewatia hatiani, imewapa adhabu yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mfungwa huhesabu siku zake. Na wako mahabusu. Hawa hawajahukumiwa na mtu yeyote. Hawana siku ya kuhesabu. Hupandishwa karandinga, hufikishwa mahakamani, husikia kwamba upelelezi haujakamilika, na shauri huahirishwa kwa siku 14. Wanarudi. Siku 14 nyingine zinapita, wanapelekwa tena, wanasikia maneno yale yale. Aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa kama la mauaji haruhusiwi hata kujibu ndiyo au siyo, kwa kuwa mahakama ya chini anayosimama mbele yake haina mamlaka ya kulisikiliza shauri lake. Anasomewa shtaka, ananyamaza, anarudi ndani. Wako niliowafahamu ambao wamenyamaza hivyo kwa miaka.

Nami, kila nitokapo mahali pale, humkumbuka mahabusu mmoja ambaye habari zake tunazo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, kuanzia sura ya 23 hadi ya 26. Jina lake ni Paulo wa Tarso.

Tunapenda kumkumbuka Paulo mhubiri, Paulo msafiri, Paulo aliyeangushwa chini katika njia ya Dameski. Paulo mahabusu tunampita haraka. Basi leo tusimpite. Alikamatwa Yerusalemu katika ghasia, watu wakitaka kumwua pale pale, hawa wakipiga kelele hivi na wengine vile, nanyi mmeona mitaani jinsi sauti moja ya «mwizi!» inavyoweza kukusanya mawe na matairi kabla mtu hajauliza kilichoibiwa. Kundi la wanaume zaidi ya 40 likaapa kutokula wala kunywa mpaka wamemwua. Jemadari Lisia akamtorosha usiku, akiwa na askari 200, wapanda farasi 70 na watu wa mikuki 200, akampeleka Kaisaria kwa liwali Feliksi.

Siku ya shauri ikafika. Washitaki walileta wakili msemaji hodari, Tertulo, aliyeanza kwa kumpamba liwali kwa sifa. Paulo akajitetea mwenyewe, akataja siku, akataja mahali, akaonyesha kwamba wale walioanzisha mashtaka hawakufika kutoa ushahidi. Naye Feliksi, wapendwa, akafanya nini? Akaahirisha. Akasema atatoa uamuzi hapo Lisia atakaposhuka. Maandiko hayasemi kama Lisia alishuka. Yanasema tu kwamba Feliksi alikuwa akimwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye, akitumaini kupewa fedha. Miaka miwili ikapita. Liwali akaachia nafasi yake kwa mwingine, naye, ili kujipendekeza kwa washitaki, akamwacha Paulo kifungoni.

Miaka miwili. Kwa muda huo Paulo hakuanzisha Kanisa lolote jipya katika Asia wala Makedonia. Mtume aliyekuwa na haraka kuliko mitume wote aliketi akingoja shahidi asiyefika na rushwa ambayo hakuwa tayari kuitoa. Liwali mpya, Festo, alipolifungua jalada, alikiri mbele ya mfalme Agripa kwamba hana jambo la hakika la kumwandikia Kaisari, na kwamba ni jambo lisilo na akili kumpeleka mfungwa bila kuonyesha mashtaka yanayomkabili. Mpagani huyo aliliona.

Labda mmoja wenu anajiuliza: Padre, haya ni mahubiri au ni siasa? Sisemi kwa niaba ya chama chochote. Ila tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa kwamba haki ni fadhila kabla ya kuwa mada ya wanasiasa, na Kanisa halikungoja ruhusa ya mtu kuizungumza. Mwaka 1963 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris, aliorodhesha haki za binadamu, na miongoni mwao akaiweka haki ya kulindwa na sheria. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes, uliweka kufunga watu kiholela katika orodha moja na mauaji na utumwa, ukasema mambo hayo humchafua zaidi anayeyatenda kuliko anayetendewa. Na Oktoba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia wanasheria kwamba kumweka mtu mahabusu bila kiasi ni kumpa adhabu kabla ya hukumu.

Nchi yetu nayo ina historia yake katika jambo hili, na ni vema kuijua, maana vijana wengi hudhani haki hizi zilikuwapo tangu awali. Katiba ya Uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na sura ya haki za raia. Mwaka 1962 ilitungwa sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mimi nilikuwa bado mtoto mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, lakini nakumbuka vizuri asubuhi ambayo mwenye duka wa mtaani kwetu alichukuliwa kwa ajili ya sabuni na sukari. Nakumbuka zaidi kwamba kufikia jioni sisi watoto tulikuwa tayari tuna wimbo juu yake. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, nazo hazikuweza kudaiwa mahakamani mpaka mwaka 1988. Ndipo ibara ya 13 ikatuambia kwamba ni marufuku kumtendea mshtakiwa kana kwamba ana hatia kabla hatia hiyo haijathibitika, na ibara ya 15 ikalinda uhuru wa mtu asikamatwe wala kufungwa isipokuwa kwa utaratibu wa sheria.

Mwaka 1991, katika shauri lililotoka Mwanza, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikitengua kifungu kilichozuia dhamana kwa baadhi ya makosa ya unyang'anyi. Mahakama haikusema kila mtuhumiwa aachwe aende zake. Ilisema kwamba sheria inayomnyima mtu uhuru wake lazima iwe na utaratibu na kinga dhidi ya matumizi mabaya. Mwaka 2018 Mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba haifai mwendesha mashtaka kwa hati yake peke yake kumfunga hakimu mikono asitoe dhamana. Hata hivyo njia haikunyoka. Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kuyataja makosa fulani kuwa hayana dhamana kabisa ni kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba Katiba yenyewe inaruhusu uhuru kuwekewa mipaka ya kisheria kwa usalama wa jamii. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yaliachwa nje ya ulinzi huo. Na mwaka 2023 Tume ya kuangalia haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchini ikisikiliza wananchi, ikatoa taarifa yake.

Mimi si mwanasheria na sitabishana na majaji. Nataka kusema jambo moja tu ambalo padre huliona na jaji pengine halioni. Mwaka 2019 palipotolewa nafasi kwa walioshtakiwa kwa uhujumu uchumi wakiri makosa, warudishe fedha, watoke, wengi walikiri. Bila shaka wako walioungama kweli. Lakini fikiri mtu aliyekaa ndani miaka mitatu kwa kosa lisilo na dhamana, mama yake amefariki hakumzika, mtoto wake ameacha shule, naye anaambiwa: kiri, ulipe, ulale nyumbani kwako wiki hii. Sisi mapadre tunajua kitu juu ya maungamo. Mtu akiungama kwa kusukumwa tunalazimika kujiuliza kama huo ni ukweli wake au ni uchovu wake. Je, mlango wa gereza usukumapo?

Najua pia upande wa pili, wala sitaki kuudharau. Nimewazika watu waliouawa na majambazi. Nimeketi na mjane ambaye wiki moja baadaye alimwona mtuhumiwa sokoni, akaja kwangu akitetemeka kwa hasira na hofu. Kumwambia mama yule kwamba dhamana ni haki ya raia ni kazi ngumu, na siku ile sikuifanya, nilimpikia chai. Yako mashauri ambayo hakimu, akiisha kusikiliza, ataona ni hatari kumwacha mtu nje, na atakuwa sahihi. Ninaloomba ni hilo neno «akiisha kusikiliza». Nikodemo aliliomba hilo hilo mbele ya wakuu wenzake waliotaka kumkamata Bwana: kwamba torati yao haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wakamdhihaki.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kutofika.

Wako mahabusu wengi ambao hawako ndani kwa makosa yasiyo na dhamana. Wako ndani kwa makosa ambayo sheria inaruhusu wadhaminiwe, ila hakuna mtu wa kuwadhamini. Anatakiwa mtu mzima, mwenye makazi yanayojulikana, mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, asimame mbele ya hakimu aseme: nitamleta huyu siku ya shauri. Hapo si suala la Bunge tena wala la Katiba. Hapo ni suala la jirani.

Nilikuwa paroko mahali fulani. Katika kigango kimojawapo fedha za mabati ya kanisa zilipotea, na mhazini wa kigango akakamatwa. Jumapili iliyofuata, Misa ya pili, katika matangazo, mimi nilisema: «Mhazini wetu aliyetuibia fedha za mabati yuko mikononi mwa polisi.» Aliyetuibia. Sikusema «anayetuhumiwa kutuibia». Nilikuwa na hasira, na fedha zile tulizikusanya senti kwa senti, mahindi debe kwa debe. Neno moja tu, wapendwa, tena neno la padre kutoka mimbarini. Siku ya Jumatatu hapakuwa na mtu katika kijiji kile aliyethubutu kwenda kuomba barua ya udhamini.

Mkewe alikuja parokiani jioni moja, akapiga magoti akanipa shikamoo, akaniomba nimtafutie watu wawili tu wa kumdhamini mumewe. Nilimjibu: «Mama, tuiache sheria ifuate mkondo wake.» Maneno hayo husikika vizuri sana. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba dhamana ilikuwa sehemu ya mkondo wa sheria, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeweka jiwe kati ya mkondo huo. Yule mama aliacha kuja jumuiya. Watoto wake waliitwa watoto wa mwizi shuleni, tena shule ambayo mimi nilikuwa nikifundisha dini kila Alhamisi.

Mume alikaa mahabusu miezi saba. Katika miezi hiyo nilikwenda gereza lile mara tatu kuadhimisha Misa, na mara zote tatu nilimwona, naye aliniona, wala hatukuzungumza. Niliwahubiria mahabusu wale juu ya subira.

Kisha hakimu wa Mahakama ya Wilaya akamwachia huru, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi wa kumgusa.

Alikuja kwangu Jumamosi jioni. Hakuingia ofisini, alisimama barazani. Nilianza kumweleza jinsi nilivyofurahi, nikamwambia parokia ingeweza kumsaidia kidogo aanze upya, nikamwambia nitaandika barua kwa mwenyekiti wa jumuiya yake mambo yasawazishwe kimya kimya. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Ndipo akasema: «Baba, sikuja kudai kitu. Lakini uliposema, ulisema Misa ya pili, watu wamejaa. Basi kesho useme Misa ya pili.»

Ndugu zangu, usiku ule sikulala mapema, nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila wako Filipi. Wamepigwa bakora hadharani bila kuhukumiwa, wametiwa gerezani, miguu imefungwa katika mkatale. Asubuhi mahakimu wanatuma wajumbe: waachwe, waende kwa amani. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaondoka. Paulo akakataa kutoka. Akawaambia kwamba waliwapiga mbele ya watu wote, hali wao ni raia wa Roma, na sasa wanataka kuwatoa kwa siri. La hasha, waje wenyewe wawatoe. Nao wakaja wakawasihi. Miaka mingi niliisoma sura ile nikidhani Paulo alikuwa na kiburi kidogo siku hiyo, kiburi cha mtu mwenye uraia. Sikuwa nimefikiria kwamba Filipi kulikuwa na Kanisa changa nyumbani kwa Lidia, ambalo lingebaki pale baada ya Paulo kuondoka, likinyoshewa kidole kuwa ni kundi la wahalifu. Ile aibu ya hadharani isingeondolewa na mlango wa nyuma.

Jumapili ile, Misa ya pili, kabla ya baraka, nilisema. Nililitaja jina lake. Nilisema kwamba miezi saba iliyopita nilimwita mwizi mahali hapa hapa, kwamba mahakama imemwona hana hatia, kwamba hata mahakama isingekuwa imesema bado mimi sikuwa na mamlaka ya kumhukumu, na kwamba mkewe aliniomba wadhamini wawili nikamnyima. Nikawaomba radhi wote wawili. Kanisa lilikuwa kimya. Hakuna aliyepiga makofi, namshukuru Mungu kwa hilo. Yeye aliketi benchi la tatu upande wa wanaume, na watoto wake kando yake, akitazama mbele.

Mabati tuliyapata mwaka uliofuata. Waumini walimwomba arudi kushika sanduku, akakataa; wakamwomba tena, akakataa tena, wala sikumlaumu. Lakini alianza desturi yake mwenyewe. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akachukua barua, akaiweka katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake, na siku za mashauri huendesha baiskeli yake mpaka mahakamani akaketi nje chini ya mwembe. Akitokea mtu wa vijiji vyetu asiye na mdhamini, yeye huulizia kwanza kwao ni wapi na wazazi wake ni akina nani, kisha huingia ndani. Mara ya mwisho nilipopita kumsalimu alikuwa amewadhamini watu kumi na mmoja. Mmoja alitoroka, naye akaingia katika usumbufu mkubwa kwa ajili yake, akapoteza mbuzi wawili. Nilimwuliza kama sasa ataacha. Akaniambia wiki ijayo ana watu wawili, na akaniuliza kama mimi barua yangu ya serikali ya mtaa ninayo.

Sikuwa nayo. Nilikwenda kuichukua Jumatatu.

Tumsifu Yesu Kristo.